Mama wa Namawala alivyonichagulia insert ya kukata thread

Wakuu wa jukwaa la mafundi, nawasalimu wote, na wakubwa zangu shikamooni.

Leo ni ukweli mtupu. Nikijisifu humu ni kwa sababu nastahili. Nikiumbuka, nimejiumbua mwenyewe, msinionee huruma.

Shule niliishia darasa la tano. Ila miaka ya tisini pale Ifakara, ukitaja leith, mashine ya kuchongea vyuma, umenitaja mimi. Mashine yenyewe niliiokota ikiwa chuma chakavu, nikaifufua kwa mikono hii hii. Kidatu kwenye miwa walikuwepo mafundi wenye vyeti, na sikuwaogopa hata kidogo.

Enzi hizo kila fundi alinoa kisu chake cha kukatia chuma kwenye jiwe. Mimi jamaa yangu wa Dar akaniletea kikopo chenye insert tano, vile vijipande vigumu vya pembe tatu unavyofunga kwenye kisu ndipo ukate thread, yale meno ya kuzungukia nati. Bonde zima la Kilombero hakuna aliyekuwa navyo! Kama alikuwepo ajitokeze, tubishane.

Nne nyeusi, moja rangi ya dhahabu. Zote zina namba ndogo pembeni.

Namba sikuzielewa. Dhahabu niliielewa.

Basi msimu wa mavuno akaja Mama Kalista wa Namawala, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Shafti yake imelika thread upande wa nati. Mashine imelala, magunia yamejaa uwani, wanawake wa kijiji wamerudi kwenye vinu na kila mchi unaoshuka unashuka na jina lake.

Alibeba shafti ya zamani, nati yake, na vipande viwili vya chuma cha kuchongea mpya. Viwili tu, hakuna kingine.

"Fundi mmoja mwenye cheti ameniambia kwako nitapoteza chuma," akasema.

"Mama, yeye ana cheti. Mimi nina dhahabu."

Nikakata. Meno kwa inchi niliyahesabu kwenye shafti ya zamani, yakalingana. Thread ilitoka inang'aa mpaka nikawaita wauza samaki wa jirani waje kujitazama sura.

Nikafunga nati. Raundi ya kwanza, safi. Ya pili, nzito. Ya tatu, imegoma.

Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikachukua spana, nikaiongezea urefu wa mpini kwa bomba.

Kraa!

Nati imeganda, thread imechanika. Ili kuiokoa ile nati ilibidi niitoboe shafti yangu yote kwa drili. Kipande kimoja kimekwenda hivyo.

Mama Kalista akachukua kile cha pili akakikalia. Wakuu, alikikalia kweli, kwenye benchi langu!

"Hukigusi mpaka uniambie kwa nini."

Kwa nini yenyewe siijui. Nikaanza kuisingizia nati, kwamba ni ya Kiingereza, ya kizamani, ina roho mbaya. Wauza samaki wanacheka. Mmoja akasema, "Fundi, jaribu na fedha sasa!"

Mama akanyoosha mkono. "Lete hicho kijino chako."

Akashika shafti ya zamani, pale mwishoni ambapo thread chache zilikuwa bado nzima. Akailaza insert ya dhahabu kwenye mfereji kati ya meno, akainua juani, jicho moja kafumba, kama anakagua punje ya mchele.

"We mtoto, huku chini naona jua. Kijino chako kinene, kimekaa juu kama sufuria la msibani kwenye mafiga ya chai. Nati itapita wapi?"

Tukajaribu nyingine, moja moja. Nyeusi ya kwanza, jua. Ya pili, jua. Ya tatu ndogo, inachezacheza. Ya nne, ile iliyokwaruzika ambayo nilikuwa nafungulia chupa za soda, ikazama kwenye mfereji mpaka chini.

Giza! Hata uzi wa mwanga haupiti.

Baadaye ndipo nilielewa. Thread za Kiingereza za zamani pembe yake ni digrii hamsini na tano, dhahabu yangu ilikuwa ya sitini. Digrii tano tu wakuu, na nilikuwa naukwamisha mpunga wa kijiji kizima!

Mama akanyanyuka, akanipa chuma. Nikakata taratibu. Nati nikaisukuma kwa kidole kimoja, ikapanda inazunguka yenyewe kama pia!

Nilirukaruka karakana nzima. Nikamkumbatia, akanisukuma. "Una grisi, mwana wee!" Wauza samaki wakapiga vigelegele, wanaume wazima.

Sasa sehemu ya kuumbuka.

Akiondoka nilimuuliza, "Mama, watu wakiniuliza nani kagundua?"

"Sema wewe. Mimi nina magunia."

Nami nikasema ni mimi! Hata wenye vyeti walikuja toka Kidatu kujifunza "kipimo cha jua" cha fundi wa Ifakara. Nimeila sifa hiyo miaka yote, na nimenenepa nayo.

Juzi nilikwenda Namawala kumsalimia. Macho yamefifia sana. Nikampa shikamoo, akanijua kwa sauti.

"Bado unawaambia ni wewe?"

"Bado, mama."

"Haya, imetosha sasa."

Ndiyo maana naandika. Kipimo cha jua ni cha Mama Kalista, tangu leo mkiite hivyo.

Nilichojifunza: insert haichaguliwi kwa rangi. Ilaze kwenye thread iliyo nzima, inua juani, ukiona mwanga weka chini. Na nati ikigoma, bomba liache lilipo.

Haya, nani mwingine aliwahi kuua chuma cha mtu kwa kiburi? Tiririkeni, msiniache naumbuka peke yangu.