Siku Nilipomjibu Mtani Mbele ya Mfalme

Iko siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa walioishuhudia karibu wote wametangulia. Ni siku ya mchezo wa shule, pale misheni, kwenye njia ya kwenda Matombo, wakati nchi hii ikiwa ya Mdachi, yaani Mjerumani. Leo unanisikia nikisema mpaka majirani wanafunga madirisha. Utotoni nilikuwa na haya mno. Mgeni akiingia nilijificha nyuma ya mama, na shikamoo yangu nusu ilitoka, nusu niliimeza.

Mtu mmoja tu nilimjibu bila kutetemeka: Mzee Kobelo, mtani wa ukoo wetu. Unaujua utani wa Waluguru, au siku hizi mmebaki na jina? Tukifiwa, Mzee Kobelo alishuka kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Alitutukana, nasi tulimtukana, na hakuna aliyenuna. Mtani akikuchokoza ukanyamaza, umeuaibisha ukoo mzima, kwa hiyo hata mimi mwenye haya nilifundishwa kumrudishia.

Sasa, mjomba wangu hakuipenda shule. Na kwetu neno la mwisho juu ya mtoto lilikuwa la mjomba, baba alisikiliza tu. Mjomba alisema nimekaa misheni muda wote ule na bado sijui hata kuamkia watu, afadhali nirudi mlimani, niwekwe ndani nichezwe mwali kama wasichana wengine, nikitoka niolewe. Mama alimsihi sana. Mjomba akakubali auone mchezo kwanza: nikisema, nitabaki, nikinyamaza, ataondoka nami jioni ile ile. Nami nilitaka kubaki, mwanangu. Nilikuwa nimeanza kusoma, na kila nilichosoma kilinitia hamu ya kingine.

Sista wa Kidachi aliyetufundisha alitunga mchezo wa mfalme mchoyo aliyefunga ghala wakati wa njaa. Mimi alinipa nafasi ya binti anayekwenda kumwambia alifungue. Nadhani alinichagua kwa kunionea huruma, na huruma nyingine ni mzigo.

Siku ilipofika, uwanja wa kanisa ulijaa. Hata waliokuwa wakitoka sokoni Mkuyuni walitua vikapu vyao wakasimama kutazama. Zamu yangu ikafika. Nikasimama mbele ya mfalme, naye ni mwenzangu wa darasani aliyebandikwa ndevu za katani, na maneno yote yakanipotea. Nikawa natazama vidole vya miguu yangu. Sista akaninong'oneza kutoka pembeni, nisisikie kitu. Nikamwona mjomba anainuka, anachukua fimbo yake, nikajua shule imekwisha.

Ndipo Mzee Kobelo akasema kwa sauti kubwa, kutoka katikati ya wazee:

“Mwacheni huyo. Ukoo wao haukupewa ulimi. Ulipewa tumbo tu.”

Sista aligeuka kwa hasira, akidhani mtoto anatukanwa, akamtaka mzee anyamaze. Hakuijua mila yetu, maskini. Lakini mdomo wangu ulikwisha kufunguka. Wala usinisifu, sikufikiri hata kidogo, yalikuwa mazoea.

“Tumbo ni lako, Mzee Kobelo, lililomaliza ugali wa matanga yetu. Kaa kimya, nina maneno na mfalme.”

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Na kwa sauti ile ile, kabla haijanikimbia, nikamgeukia mfalme nikamwambia watu wake wanakufa na njaa na ufunguo anao yeye. Nikayasema yote, hata ambayo Sista hakunifundisha. Kina mama wakaacha kucheka, maana njaa waliijua. Mjomba akaketi.

Mchezo ulipokwisha nilimfuata Mzee Kobelo, nikamwamkia kwa adabu, nikamuuliza kwa nini alinichokoza mbele za watu. Alinitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake.

“Mjukuu wangu, sauti unayo siku zote. Ulikuwa unaniwekea mimi peke yangu. Wape na wengine.”

Mjomba alimwambia mama kwamba mahindi ya kunilisha shuleni ataleta mwenyewe. Nililia kwa furaha, sifichi.

Basi sikiliza, mwanangu. Mficha uchi hazai. Kuwa na haya si dhambi, wala sikwambii uwe mpayukaji, maana kimya kingi kina mshindo mkuu. Ila usingoje kwanza ugeuke mtu mwingine ndipo useme. Tafuta pale ulimi wako ulipo mwepesi tayari, kwa bibi yako au kwa wenzako wa utani, halafu sauti hiyo hiyo uipeleke pale unapoogopa. Na ukimwona mtoto amekwama mbele za watu, usiishie kumwonea huruma. Mpe neno analoweza kulijibu.

Mungu akupe kinywa chepesi penye haki na masikio ya kukusikiliza. Na siku utakayokwama, akuletee mtu akupendaye kiasi cha kukuchokoza.