Mada ya Saa Saba, Siku ya Ijumaa

Namshukuru Mungu kwa macho aliyoniachia. Daktari wa Mbale aliniambia wazi kwamba presha ya macho itayamaliza polepole, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Nilitoka hospitali nikiwaza jambo moja: nani atayajua makaburi?

Sisi Wanubi wa Mbale, hapa Uganda, hatujengei makaburi yetu. Maiti hulazwa, mbao huwekwa juu yake, udongo hurudishwa, na mvua zikipita huoni kitu ila nyasi. Uwanja umejaa, kwa hiyo lazima awepo mtu anayejua nani amelala wapi. Nilipostaafu kufundisha madrasa nilijifunza hifadhidata, yaani kupanga kumbukumbu kwenye kompyuta, kwa ile programu huria ambayo mtu huichukua bure na kuirekebisha bila kuomba ruhusa. Nikaingiza kila kaburi kwa namba mbili, vipimo vya umbali kutoka kona mbili za ukuta. Nilijaribu kuwafundisha wenzangu wa chama cha maziko. Walikuja siku moja, wakanywa chai, hawakurudi.

Jinja alikuwako mwalimu wa kompyuta, Muislamu mwenzangu, aliyetaka kuhifadhi makaburi ya kwao vivyo hivyo.

"Sheikh," aliniambia kwa simu, "nikiona umeionyesha mbele ya wanaojua, wakaikubali, nitashika ya Jinja na ya Mbale. Sitabeba kitu nisichokielewa."

Hiyo ndiyo sababu nilipeleka pendekezo la mada kwenye mkutano wa watumiaji wa hifadhidata huria, ambao hufanyika Jinja kila mwaka. Mwaka wa kwanza walinikatalia. Waamuzi wao hawaoni jina la aliyeandika, ila huacha maoni, nayo hutumwa kwa mwenyewe. Mmoja aliandika: "Hii ni hotuba ya msikitini. Ajaribu mkutano wa wachimba makaburi." Nilimwandikia mwenyekiti wa jopo kumshukuru kwa muda waliotumia kunisoma. Nikapunguza dua za mwanzo, nikaongeza vipimo, nikangoja mwaka mzima.

Mara ya pili fomu iliuliza kama kuna saa ambazo sitaweza kuzungumza. Niliandika kwamba hakuna, na kwamba nitashukuru kwa saa yoyote watakayonipa. Nilivyolelewa, mgeni hamchagulii mwenyeji saa. Wakanikubali. Nilisujudu pale pale sebuleni.

Kisha ratiba ikatoka: Ijumaa, saa saba mchana. Wakati wa chakula, na wakati wa sala ya Ijumaa.

Nilimpigia mwenyekiti. Alikuwa amelelewa Kenya, Kiswahili chake kizuri.

"Mzee, si wewe uliandika saa yoyote?"

"Niliandika, bwana. Sikufikiri mtaniweka saa ya sala."

"Mungu yuko kila saa, mzee. Ukumbi tunao mmoja."

Nilisikia watu wakicheka karibu naye. Nikaomba, kama inafaa, abadilishe nafasi yangu na ya mtu mwingine.

"Sikiliza, nikwambie ukweli. Hakuna anayetaka kuzungumza watu wakila. Tulitafuta mtu ambaye hatalalamika, tukakupata wewe. Sasa unalalamika?"

Nikamwambia hapana.

Mimi nilikuwa na ruhusa. Msafiri halazimiki na sala ya Ijumaa. Ningeweza kusali adhuhuri baadaye. Lakini mwalimu wa Jinja alikuwa mkazi, na nisingeweza kumwambia aiache. Nilimwomba asali, kisha aje mbio.

Siku ile wahudumu walikuwa wakipanga sahani nyuma ya ukumbi nikiwa nimesimama mbele. Waliokaa viti vya karibu walikuwa na kuku mapajani. Nilionyesha ukuta, kona zake mbili, na jinsi mtu anavyoandika jina la marehemu akapata mahali pake. Herufi za kwenye skrini sikuziona vizuri, nikasoma jina moja nikiwa nimeinama hadi pua inakaribia kugusa.

"Mzee, usimbusu marehemu!" mtu alisema, na ukumbi ukacheka kuliko ulivyocheka siku nzima.

Mwingine akanyoosha mkono. "Wateja wako wakisahau nywila, wanapiga simu?"

Nilijibu kwamba bado hawajapiga. Mwenyekiti akagonga saa yake kwa kidole, nikaondoa kompyuta yangu, akapanda mwingine.

Mwalimu alifika akitokwa na jasho, kofia bado kichwani. Alinikuta kwenye ngazi za nje. Kabla sijafungua kitu, alimsimamisha kijana mmoja aliyekuwa akitoka na beji shingoni.

"Samahani ndugu, mada ya saa saba ilikuwaje?"

"Ile ya chakula? Ilikuwa tamu. Hasa kuku."

Mwalimu alinitazama, kisha akatazama chini. Nilifungua kompyuta nikaanza kumwonyesha juani, akaitikia kwa adabu, akaniuliza swali moja ambalo jibu lake halikumpendeza: kama nikifa leo, nani mwingine anaijua? Nikasema hakuna.

"Nitafikiri, Sheikh," alisema. Amenisalimu kwa simu kila Idi tangu siku hiyo, Mungu amlipe. Habari ya makaburi hajaitaja.

Nilisali adhuhuri na alasiri pamoja kwenye kona ya maegesho, nikarudi Mbale.

Msimu wa mvua uliofuata, alifariki mama mmoja wa mtaani kwetu aliyeusia azikwe kando ya mumewe. Jeneza lilikuwa njiani. Nilisimama kati ya wachimbaji na kompyuta mikononi, nikigeuza skrini huku na huku kutafuta kivuli.

"Sheikh, ni wapi?"

"Ngojeni kidogo."

"Sheikh, maiti anakuja."

"Naona namba ya kwanza. Ngojeni."

Mkubwa wao, askari mstaafu wa kambi ya Jinja, akatema mate. "Huyu haoni. Chimbeni hapa, pana nafasi."

Nilikuwa bado natafuta namba ya pili jembe lilipogonga mbao. Mtu akasema, kwa sauti ndogo, "Kuna mtu humu." Wakarudisha udongo haraka, wakasogea hatua chache, wakaanza tena. Aliyekuwa humo hatukumjua ni nani. Nilimwombea msamaha bila jina.