Dawa ya Dada Ndani ya Deli la Ubuyu

Hii ningeificha jamani, ila nusu ya Ihumwa wanaijua, na yule mlinzi wa hospitali mpaka leo akiniona anauliza "vipi, leo una ubuyu?", kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imetiwa chumvi.

Dada yangu Neema, aliyenilea tangu mama afariki, ana saratani ya tezi, ile inayoota mavimbe shingoni na kwapani. Walimtundikia dripu za kemo nywele zikaisha, tukashangilia, mwaka haujaisha uvimbe ukarudi, wakabadilisha dawa, uvimbe wala! Daktari akasema imebaki dawa ya kuamsha kinga ya mwili, ili mwili wenyewe uutambue ugonjwa uupige. Ikaagizwa kwenye famasi moja mjini, ilipofika nikatumwa mimi.

Dada wa famasi akanipa kiboksi kimefungwa. "Kaka, iwe baridi ila isigande. Usifungue. Nyoosha hospitali."

Sasa mimi nauza barafu za ubuyu mwaka wa nne, nani anifundishe baridi? Nikakipapasa kiboksi kwa nje, vuguvugu! (Jua la saa saba, hata mimi nilikuwa vuguvugu.) Nikasema hawa wataniulia dada. Nikakifungua, nikatoa kichupa, nikakizika kwenye deli langu katikati ya barafu, nikaongeza chumvi ya mawe juu ya mabonge (ndiyo siri yetu wauza barafu, inazidisha ubaridi), nikapanda bajaji najiona daktari.

Getini mlinzi akanidaka. "We kijana, biashara nje!"

"Shikamoo mzee. Siuzi, nimebeba dawa ya mgonjwa."

"Marahaba. Dawa kwenye deli? Fungua."

Nikafungua, watoto wakaona wekundu wa ubuyu wakanivamia, mama mmoja keshachukua yake anafyonza, mlinzi anapiga filimbi, mimi nimekumbatia deli napayuka "hii dawa ya saratani jamani!" na watu wanacheka mpaka wanashikilia ukuta. Nesi wa wodi ya dada akatoka kuangalia kuna nini. Nikamchomolea kichupa kwa mbwembwe.

Hakucheka. Akakiinua juani, akakigeuza. Ndani hakikucheza kitu.

"Imeganda," akasema.

"Si itayeyuka, nesi?"

"Itayeyuka. Lakini haifai tena kumchoma mtu."

Yule mama akairudisha barafu yake kwenye deli, ikiwa nusu.

Nilimwambia dada mwenyewe, nimepiga magoti. Akaniangalia weee. "Nimekulea ili unigandishe?" Akacheka, akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama bado alikuwa anacheka.

Dawa nyingine ilichukua siku kumi na moja kufika. Kila asubuhi naangalia ile shingo, uvimbe umekuwa kama limau, naona kama mimi ndiye naumwagilia maji. Ilipofika nilikipakata kiboksi kama kichanga, nzi akanitua puani sikumfukuza.

Ameshachomwa mara mbili. Daktari anasema tusubiri. Nikitoka kuuza huwa naomba nimguse shingo nipime, naye ananipiga kofi: "Toa huko mikono yako ya barafu!"

Jana aliniacha niguse. Nikapapasa, nikarudia tena.

"Vipi?" akauliza.

Kuna kitu nilihisi, wallahi, kama lile limau limenywea, lakini nimeapa utaalamu basi. Nikamwambia, "Alhamisi tutamuuliza daktari," nikaenda kuosha deli.