Kurasa Zilizokula Bugari

Kole, gundi yetu ya unga wa muhogo, ikikaa siku mbili inanuka kama mguu uliotoka ndani ya buti la mvua. Hiyo ndiyo harufu ya vakansi kwangu. Wengine vakansi kubwa ya shule inawanukia mahindi ya kuchoma. Mimi inaninukia kile kisufuria kinachowekwa katikati ya meza, kwenye chumba cha vitabu cha parokia, kijiko cha mti kimesimama ndani yake peke yake bila kuanguka.

Kila mwaka shule zikikaribia kufunga, sisi akina mama wa kamati tunakaa pale kuchagua riwaya ambazo wasichana watasoma vakansi nzima. Majina yake tunayabandika mlangoni. Kitabu kilicho kwenye orodha, msichana anaweza kwenda nacho nyumbani. Kisichokuwa kwenye orodha kinabaki ndani ya kabati, na ufunguo unabaki shingoni mwa mama presidente, mwenyekiti wetu, pamoja na rozari yake.

Mimi nilitiwa kwenye kamati kwa sababu nina diploma ya sekondari na ninasoma Kifaransa bila kusogeza midomo. Pia walihitaji mtu wa mtaa wa Mapendo. Wengine wote wanatoka Himbi, na padri alisema haionekani vizuri.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mama anapewa vitabu vyake, anasoma, na akikuta ukurasa mbaya haurarui, maana kuharibu mali ya parokia ni dhambi. Anaupaka kole na kuubandika na ukurasa wa jirani. Kitabu kinakuwa na kipande kigumu katikati kama chapati iliyolala. Mende wanaipenda hiyo kole kuliko sisi tunavyopenda sombe ya majani ya muhogo. Niliwahi kufungua kitabu kimoja nikakuta mende amekauka katikati ya busu tulilowakataza wasichana wote wa parokia. Yeye aliruhusiwa.

Halafu ni kazi ya bure. Binti yangu, anayeingia sekondari mwaka huu, ndiye aliyenieleza. Wasichana wanaziita kurasa zilizokula bugari, kwa kuwa kole na ugali wetu hutoka kwenye unga uleule. Wanazishika juu ya mvuke wa chungu cha maharagi, kole inalainika, na wanaanza kusoma hapo. Vingine vyote vinavyobaki ndani ya kitabu, shauri yake mwandishi.

"Mama, kama munataka tusome kitabu yote," aliniambia, "mupake kole kitabu yote."

Nilicheka, halafu nikaona aibu kwa niaba ya wanawake wazima.

Lakini kole haikuniudhi kama vile vitabu vinavyopita bila kole. Nimevisoma vyote, nimekaa kando ya mbabula ya makaa na mkono mmoja kwenye mwiko. Ndani yake, msichana akipata mimba bila ndoa, anakufa. Mmoja anakufa akizaa. Mwingine anazama mtoni. Mwingine anagongwa na lori ambalo mwandishi amelitoa kusikojulikana, kwa sababu alichoka naye. Siku hizi nikiona msichana wa riwaya anatapika asubuhi, ninaanza kuandaa matanga.

Mimi nilimpata binti yangu nikiwa mwaka wa tano wa sekondari. Hapa tunasema nilizalia nyumbani: kwetu, bila mume. Nilitapika kama wale wa vitabuni. Lori halikuja. Nilirudi shuleni, nikafanya mtihani wa serikali na maziwa yakiniuma, mtoto akilia nje ya ukuta mgongoni mwa mama yangu. Na orodha yetu yote haikuwa na kitabu hata kimoja cha kumwambia binti yangu kwamba mtu kama mama yake anaweza kufika ukurasa wa mwisho akiwa mzima.

Mwaka huu nikakipata. Tangu vita viingie mjini makatoni mapya ya vitabu hayaji, kwa hiyo tunakwangua ya zamani, na chini kabisa kulikuwa na kitabu chenye jalada la kijani. Msichana anatapika. Baba yake anampiga na kumfukuza. Anazalia kwa shangazi yake. Halafu, na hapo nilisoma nimesimama mpaka maharagi yakaungua, anarudi darasani. Maziwa yanalowesha blauzi yake mbele ya mwalimu wa hesabu. Anajifunika na daftari, anamaliza swali, na mwisho wa mwaka anafaulu. Hakuna anayekufa. Hata mbuzi.

Nilitaka hicho kiwe kwenye orodha. Vingine waweke wanavyotaka.

"Hii inaongea juu ya nini?" mama mmoja aliuliza.

"Juu ya binti aliyezalia nyumbani."

Macho yote yalinigeukia, halafu yote yakakumbuka kazi zao.

"Haiko wewe tunasema, mama mudogo," alisema mama presidente kwa upole. "Wewe, Mungu alikusaidia."

"Na huyu wa kitabu, nani alimusaidia?"

Alikuwa amekwisha kukisoma. "Kitabu ni muzuri," alisema. "Kiingie." Nilianza kufurahi, mjinga mimi. "Ila tupake kole kuanzia hapa."

Kidole chake kilikuwa pale msichana anaporudi shuleni.

"Hapo hakuna kitu, mama. Ni hesabu."

"Ni hapo kabisa."

"Kumupiga munaacha?"

"Kumupiga ni mafundisho."

"Na kutapika?"

"Ile pia ni mafundisho. Lakini batoto bakiona amezaa na amefaulu, batasema, ah, kumbe inawezekana."

"Inawezekana, mama. Niko hapa nakuangalia."

"Ee, iko hapa na mudomo yake yote!" mama mwingine alidakia, na wakacheka.

Mama presidente akanisukumia kisufuria. Mdogo wa kamati ndiye anayekoroga. "Koroga, mama. Imeanza kuganda."

Nilikoroga mara moja, harufu ikapanda. Nilijua binti yangu angezifungua zile kurasa, chungu hakikosekani. Lakini sikutaka asome maisha ya mama yake kwa mvuke, marafiki wakichungulia mlangoni, kama uchafu. Nikabeba kisufuria mpaka nje na kukimwaga juu ya mawe ya volkano. Kuku wa padri wakaja mbio.

"Kole imekwisha," nilisema niliporudi.

Mama presidente hata hakukasirika. "Basi tutatia agrafe," alisema.

Na wakatia. Orodha ilipobandikwa, kitabu cha kijani kilikuwamo, na mwisho wake umebanwa na agrafe, vile vyuma vya ofisi vya kubania karatasi, juu, kando na chini. Binti yangu alikuwa wa kwanza kukichukua. Alikiweka mbele yangu pamoja na kisu cha viazi.

"Mama, utoshe hizi. Mvuke haiziwezi."

Nilikaa mlangoni mchana kweupe, majirani wakipita na viazi vya Kibumba vichwani, nikazing'oa agrafe na kuzitia ndani ya kisanduku cha kiberiti. Yeye aliegemea mgongo wangu akasoma. Sikugeuka. Nilimenya viazi vingi kuliko tunavyoweza kula.

"Ule mwalimu wa hesabu ni mupumbavu," alisema mwishowe. "Angemupatia hata kitenge ajifunike." Akanigusa bega. "Wewe, nani alikupatia?"

"Bibi yako. Alikitupa juu ya ukuta."

"Cha rangi gani?"

"Cha manjano. Na samaki."

Alirudi nyuma kurasa kadhaa, akaanza tena kusoma.

Siku ya kurudisha kitabu nilikwenda mwenyewe. Nilimpa mama presidente kitabu, kisha kisanduku cha kiberiti. Alikitikisa sikioni.

"Na hii ni nini?"

"Ni vyenu," nilimwambia. "Sisi tumesoma kitabu yote."