Wino wa kidole gumba

Kanisani Bukima tuliweka vidole gumba kwenye karatasi ya kuomba bunge litunge sheria, mjane asirithiwe na shemeji kwa nguvu. Wino ule, jamani, haukutokaga hata kwa majivu. Hilo ndilo kosa letu.

Kaka yangu, mwimbaji mzuri tu wa kwaya, alitaka kumrithi mjane wa mdogo wetu. Akakiona kidole cha yule mama, bado kina wino.

“Shemeji, unanishitaki serikalini?”

Akakilaza ukingoni mwa kinu, akakiponda kwa mchi mpaka mfupa ukatoka. Mimi nilisimama pale, changu nimekificha mfukoni. Halafu akaenda kuichana karatasi.

Jumapili iliyofuata katekista akaleta nyingine. Mama yule akatangulia, mkono umefungwa kitambaa.

“Hiki cha kushoto bado kizima,” akasema.

Nikapanga foleni nyuma yake, changu nimekitoa mfukoni.