Neno la Mtu wa Winchi

Wendell Kaleohano alikuwa akilipwa mshahara kwa kudaka vitu vinavyoanguka kutoka angani, na mkewe hakujua. Momi aliambiwa kwamba mumewe anapakia mizigo kwenye ndege za jeshi. Haukuwa uongo, ila mizigo yenyewe ilipakiwa ndege ikiwa angani.

Kitu chenyewe kikosi chao kilikiita ndoo. Ndoo ilitoka kwenye setilaiti, juu kuliko ndege yoyote inavyoweza kufika, ikashuka kwa mwavuli wa rangi ya chungwa juu ya bahari, mbali na Honolulu. Ndege ilipita juu yake ikiburuta kitanzi cha waya chenye kulabu, kulabu zikanasa mwavuli, na Wendell, mtu wa winchi, ile mashine ya kukunjia waya, akavuta. Ndani mlikuwa na nini, hakuuliza. Wakishatua, watu wenye miwani myeusi walikuja kuichukua, na hata asante hawakusema.

Kikosi kilikuwa na mwiko mmoja. Hakuna kusema "tumeipata" mpaka ndoo ilale sakafuni na kufungwa kamba, na hapo anayesema ni mtu wa winchi peke yake, kumwambia rubani. Rubani mmoja wa zamani alishangilia ndoo ikiwa bado inaning'inia nje, mwavuli ukachanika. Tangu hapo watu wazima wenye vyeo na medali walivuta ndoo kimya kama wezi wa kuku.

Mwiko huo Wendell aliubeba mpaka nyumbani kwake Kalihi, na huko ndiko ulikomponza. Momi alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Ile ya kwanza Wendell aliitangaza mtaa mzima, akachonga na kitanda cha mtoto. Ilipoharibika, kitanda alikipasua kuni. Ya pili alimnong'oneza kaka yake tu, nayo haikufika mbali. Sasa ya tatu ilikuwa na miezi minane, na Wendell hakuwa amesema kitu. Momi akitaja mtoto, yeye anaomba aongezwe poi, ule uji mzito wa magimbi.

"We Wendell, huyu mtoto humtaki?" Momi alimuuliza Ijumaa mezani.

"Samaki amezidi chumvi kidogo."

"Nimekuuliza habari za samaki mimi?"

"Tutaongea akishazaliwa."

"Akishazaliwa! Kwa hiyo sasa hivi nimebeba nini, tikiti maji?" Momi akaweka kijiko chini. "Kesho Mama anakuja na lori lake. Nisiposikia neno la furaha kutoka kwenye hicho kinywa chako, neno moja tu, naenda kujifungulia kwetu Waimanalo. Na wala usinifuate."

Wendell alimtaka mtoto yule mpaka usingizi ukamruka. Ndiyo maana alinyamaza. Na angemwelezaje mkewe, wakati hata mwiko wenyewe ulikuwa siri ya serikali?

Kesho yake kikosi kikaruka kudaka ndoo. Mara ya kwanza kulabu zilipita patupu, mara ya pili zikanasa. Waya ukakimbia nje kwa kelele, Wendell akakaza breki taratibu, akaanza kuvuta. Hakuna aliyefungua mdomo. Dombrowski, mshika fito zilizobeba kile kitanzi, alikuwa ameuma glovu yake. Rubani hakuuliza kitu. Ndoo ikasogea, ikasogea, mpaka wakaona masizi ubavuni mwake.

Kisha mwavuli ukachanika, ndoo ikaanguka baharini. Ndoo ilikuwa imeundwa izame ikikosa mwenyewe, nayo ikatii.

Walikaa wakitazama kulabu tupu zikipigwa na upepo.

"Nani kasema?" Dombrowski akauliza.

"Hakuna aliyesema," Wendell akajibu.

"Mimi nilikuwa nimeuma glovu. Ona, ina alama za meno."

"Nimeona."

"Sasa imeangukaje?"

"Mwavuli umechanika."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Dombrowski akaitazama glovu yake iliyoharibika. "Basi bora tungeshangilia, bwana. Tungefaidi hata dakika moja."

Njia nzima ya kurudi Wendell alikuwa akikiwaza kile kitanda alichokipasua. Kilikuwa kitanda kizuri, na hakikumuua mtu. Akageuka, akajifanya anakagua winchi.

Alipofika nyumbani, lori lilikuwa mlangoni linanguruma. Masanduku yalikuwa nyuma, Momi kakaa mbele, mama yake kashika usukani. Wendell akaenda moja kwa moja dirishani, bado ananuka grisi.

"Tumempata," akasema.

"Mmempata nani?" mama mkwe akauliza.

"Mtoto. Tumempata." Sauti ilikuwa ileile kavu ya kumwambia rubani.

Momi akatoa kichwa dirishani. "Bado mwezi mzima, Wendell."

"Najua."

"Lolote laweza kutokea. Wewe unajua, na mimi najua."

"Najua. Naogopa sana. Lakini leo yupo, na mimi nina furaha, Momi. Nimekuwa na furaha miezi yote hii, sikusema tu. Nataka nimchongee kitanda."

Momi akajifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanamcheza. Mama yake akamtazama binti, akamtazama mkwe, kisha akazima injini.

"Haya, mkwe," akasema. "Teremsha mizigo. Si ndiyo kazi yako?"