Likoni yangojea mkanda wa kumi na tatu

Kwanza husikika sauti ya msichana. Inatoka nyuma ya kuta za mabati, nyembamba, imekwaruzwa na spika mbovu, ikiimba kwa lugha ambayo hapana mtu wa Likoni aliyezaliwa nayo. Kisha juu yake inaingia sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka.

"Haya jamani, mtoto kasimama. Mama yake hayupo ukumbini, na alipo mwapajua. Leo kavaa kijani, kijani cha jani la mgomba lililonyeshewa."

Ni saa kumi na nusu za jioni, Alasiri imeshasaliwa. Ndani ya banda la video, si mbali na kivukoni, Mbwana Mwinyihaji amesimama kando ya televisheni, kifimbo cha mwanzi mkononi. Msichana anayemwelekezea kifimbo hana kijani wala nyekundu. Ni mweusi na mweupe, na kila baada ya muda picha nzima hupanda juu na kupotea, kisha huzuka tena kutoka chini.

Mabenchi ya banda hukalisha watu themanini. Leo wamo tisa.

Wote tisa wameuona mkanda huu. Ni wa kumi na mbili, na mwezi huu wa Oktoba 1995 umechezwa mara tano. Wanajua kwamba msichana atamaliza wimbo, atainama, na mtangazaji mwenye tai ya kipepeo atasema fainali ni wiki ijayo. Hakuna ajuaye kilichotokea wiki hiyo. Mkanda wake ulikuja Likoni, ukachezwa, na ndio uliolivunja banda.

"Mimi kazi yangu ni ulimi," asema Mbwana, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. "Seremala akipinda ubao, watu wauona. Ulimi ukipinda, waona nani?"

Ulimi huo aliupata bandarini. Kwa miaka saba alikuwa mlinzi wa melini, mtu wa kukaa kichwani mwa ngazi na kuandika nani kapanda na nani kashuka. Meli nyingi zilikuwa na mabaharia wa Kifilipino. Walimwita mezani, wakampa wali, wakamcheka alipokosea maneno yao na kumsahihisha. Mwaka wa tatu alikuwa akiwaamulia magomvi yao kwa lugha yao wenyewe.

Mwaka 1993 kampuni iliyomwajiri ilipunguza walinzi. Barua aliyopewa ilikuwa na mistari minne. Alikaa nyumbani miezi kumi, akila kwa jasho la mkewe aliyekuwa akikaanga mihogo, mpaka Justus, mtu wa bara aliyejenga banda ili aonyeshe filamu za ngumi, alipomchukua awe mfasiri. Mshahara ni shilingi sitini kwa siku, siku ambazo banda limejaa.

Na banda lilijaa. Aliyelijaza ni mpishi wa meli aitwaye Rodel, rafiki wa Mbwana tangu siku za ngazi. Rodel alikuja na katoni ya mikanda. Huko kwao, mkewe alikuwa amemrekodia mashindano ya uimbaji ya televisheni ili asipitwe akiwa baharini: waimbaji kumi na wawili, wote watoto wa makabwela, na kila wiki kamera ilimfuata mmoja wao mpaka kwao, ikaonyesha anapolala na anachokula. Katoni ilikuwa na namba moja mpaka kumi na mbili. Ya kumi na tatu, alisema Rodel, angeileta safari nyingine.

Mashine za Mombasa haziivi na mikanda ya Ufilipino. Huitoa bila rangi na picha ikitambaa. Justus alitaka kuirudisha katoni siku ileile. Mbwana akamwambia, "Wache. Rangi nitatia mimi."

Hapo ndipo ulimi ulipoanza kupinda.

Alianza na nguo. Mwimbaji akitoka, watu walimpigia kelele: "Mbwana, leo kavaa rangi gani?" Naye akichagua. Kijana mpiga gitaa, Mbwana alimvika manjano kwa sababu hakumpenda. Msichana aitwaye Marivic, ambaye Likoni ilimwita Marivika tangu siku ya kwanza, alimvika kila kilicho kizuri. Katika mkanda wa nne kamera ilikwenda kwao Marivika. Nyumba ya mbao juu ya maji machafu, wadogo zake watano, baba hayupo. Mama yuko Jeda, mtumishi wa nyumba, hajarudi kwa miaka mitatu. Msichana akalia mbele ya kamera, akasema anaimba ili apate fedha za kumrudisha.

Kwenye benchi la mbele palikuwa na Bi Mwanamkasi, mama wa miaka sabini wa Mtongwe. Macho yake yana ukungu, kwa hivyo humsikiliza Mbwana kuliko anavyotazama. Binti yake, Dhahabu, alipelekwa na wakala hukohuko Jeda kufanya kazi za ndani. Barua zilikuja mbili, kisha zikakatika. Ni miezi ishirini na sita sasa.

Siku hiyo ajuza alisimama katikati ya watu. "Mbwana, hebu muulize mtoto huyo. Mamake hajamuona Dhahabu wangu?"

Marivika alikuwa bado analia kwenye kioo, midomo yake ikienda. Mbwana asema mpaka leo hajui nini kilimshika. "Nilifungua kinywa nikasikia nasema: mama yake kamuandikia kwamba akaa nyumba moja na msichana wa Mombasa, mpole, mswalihina. Wallahi, sikupanga. Yule bibi alikaa chini kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni."

Tangu hapo ajuza hakukosa hata siku moja. Na kila mkanda ulipotaja mama wa Marivika, Mbwana alimtafutia Dhahabu neno: mara yu mzima, mara kanenepa, mara asalimia.

Katika mkanda wa saba mtangazaji alieleza kwamba watazamaji huandika barua, na mwenye barua chache ndiye atokaye. Hilo Mbwana alilifasiri sawasawa, bila kupunguza. Kesho yake Kitsao, fundi wa baiskeli wa jirani, akaja na bahasha. "Mimi natia yangu kwa Marivika. Kwani barua ya Likoni si barua?" Kufikia mwisho wa wiki zilikuwa sitini na moja. Nyingine ziliandikwa kwa penseli, nyingine kwa shairi. Bi Mwanamkasi aliandikiwa yake na Mbwana mwenyewe.

Meli ya Rodel iliporudi, Mbwana alimpelekea mfuko huo kwenye geti la bandari. Rodel alizitazama barua, akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Alimwambia kwa lugha yao, taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba, kwamba mashindano hayo yalikwisha mwaka 1991.

Sitini na moja. Watu wazima, wenye watoto na madaraka, walikesha kuchagua maneno ya kumwokoa mtu ambaye hukumu yake ilikwishasomwa miaka minne kabla hawajanunua bahasha. Nchi hii si mara ya kwanza watu wake kupiga kura iliyokwishahesabiwa, lakini safari hii hata mhesabuji hakujua kama wapo.

Mbwana hakumwambia mtu. Alichukua kutoka kwa Rodel kile alichoahidiwa, mkanda wa kumi na tatu, akaufunga ndani ya shuka na kuvuka nao feri akiukumbatia.

Jumamosi iliyofuata, mwezi wa Septemba, banda lilikosa pa kutia mguu. Wengine walikaa juu ya mapipa nje na kusikiliza kupitia mabati. Muziki wa kufungulia ukalia. Mtangazaji akatoka. Wanne waliobaki wakapanga mstari, Marivika wa pili kutoka kushoto. Mbwana akamvika dhahabu. Msichana akafungua mdomo aimbe.

Picha ikakatika. Ikarudi na kanisa.

Padri alikuwa akimmwagia maji mtoto mchanga. Mtoto alikuwa wa Rodel. Mkewe alikosa mkanda mtupu siku ya ubatizo, akachukua uliokuwa karibu. Mbwana alisimama na kifimbo chake, watu wakimhimiza: "Sema basi! Ndiyo nini hiyo? Kashinda?" Kabla hajapata neno, kanisa likapita, ikaja meza ndefu ya karamu, na katikati ya meza kalala nguruwe mzima wa kuokwa, na masikio yake na pua yake, akiwatazama Waislamu wa Likoni bila haya. Kwa hilo hapakuhitajika mfasiri.

"Astaghafirullahi!" Benchi la nyuma liliinuka lote. Kina mama walifunika nyuso kwa mabuibui. Mtu alivuta waya. Gizani ikasikika sauti ya Kitsao: "Mbwana, huyo naye kavaa rangi gani?"

Watu walicheka hapo, wakatoka wakicheka, wengi hawakurudi. Kwa wiki tatu Mbwana hakuweza kupita sokoni bila kuulizwa habari za rangi.

Mke wa Rodel anakumbukaje fainali? Mbwana alimtaka Rodel amuulize kwa simu. Jibu lilikuja na meli iliyofuata. Hakumbuki vizuri. Adhani alishinda yule wa gitaa. Marivika, adhani, alikuwa wa tatu. Kuhusu mama aliyeko Jeda hakukumbuka hata kwamba alikuwapo.

"Hicho ndicho kilichoniumiza," asema Mbwana. "Sisi huku twamlilia, na kwao wamesahau."

Justus hana huruma na fikira hizo. Wiki hii amempa Mbwana hadi Jumamosi. Mazungumzo yao yalifanyika mlangoni, mbele ya gazeti hili.

"Wewe simama tu, sema dem alishinda, mamake akarudi, kila mtu afurahi. Watu watarudi, tuanze mikanda mingine. Kwani utakufa?"

"Sikuliona, Justus. Siwezi kusema nisiloliona."

Justus akacheka kwa nguvu. "Leo? Leo ndio umeokoka? Na ile gauni ya kijani uliiona wapi?"

Justus akampiga begani, si kwa ubaya, akamwambia kama Jumamosi hasemi, Jumatatu asije. Tayari kuna kijana wa Frere Town anayeweza kufasiri filamu za ngumi kwa nusu ya mshahara.

Mkanda wa kumi na mbili sasa umefika mwisho. Marivika anainama. Mbwana anazima mashine, na watu wanane wanatoka wakijinyoosha. Bi Mwanamkasi amebaki penye benchi lake, akipapasa ndani ya kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo. Hebu shika hii." Ni doti ya leso, mpya, imepindwa kwa mkono. "Mpe yule Mfilipino wako. Akifika kwao ampe Marivika, Marivika amtumie mamake huko Jeda, mamake ampe Dhahabu. Nimepinda mwenyewe, ingawa sindano siioni. Atajua ni mkono wangu."

Mbwana anaishika leso. Kisha anairudisha kikapuni taratibu, na kupiga magoti chini kwenye vumbi.

"Bibi, nimekosa."

"Umekosa nini?"

"Mama yake Marivika hajamjua Dhahabu. Hajapata kumtaja. Ni mimi niliyesema. Siku ile ulipouliza, nilitia. Na siku zote baada ya ile, nilikuwa natia."

Nje honi ya feri yalia, yanyamaza. Ajuza hasogei.

"Na kunenepa?"

"Mimi."

"Na kunisalimia, siku ya mkanda wa kumi?"

"Mimi, bibi. Na barua tulizoandika hazikumfaa mtu. Mashindano yalikwisha zamani. Naambiwa mtoto hakushinda. Sidhani kama mama yake alirudi."

Ajuza anafunika kikapu. Anapozungumza sauti yake ni kavu. "Mbwana, ulinifurahisha miezi mitano. Mungu akusamehe, mimi sijui kama ntaweza. Mwanangu nimefiwa naye leo."

"Hajafa, bibi."

"Wajuaje? Waanza tena?"

Hilo lamchoma kuliko nguruwe, kuliko Kitsao, kuliko Jumatatu isiyo na kazi. Anainamisha kichwa. Ofisi ya wakala aliyempeleka Dhahabu iko kisiwani, orofa ya pili. Bi Mwanamkasi amekwenda mara sita, na mara zote kijana wa mezani amemwambia kwa Kiingereza maneno asiyoyajua, kisha akamwonyesha mlango.

Mbwana ameshaamua. Jumamosi atasimama mbele ya mabenchi, wawemo tisa au tisini, aseme kama alivyoambiwa: Marivika alishindwa. Baada ya hapo hana mshahara. Ana miguu na ulimi, basi. Anaishika mikono ya ajuza, na anasema kwa ile sauti nzito ambayo Likoni nzima yaijua, kwa nguvu, mpaka Justus ageuka mlangoni:

"Jumatatu, feri ya kwanza, mimi na wewe. Tutapanda hiyo orofa ya pili, na akisema Kiingereza nitakufasiria, na ukisema nitamfasiria yeye. Akitufukuza tutakaa ngazini. Mimi nimekaa ngazini miaka saba. Tutarudi Jumanne, tutarudi Jumatano, hadi waseme Dhahabu yuko wapi. Wakisema yu hai nitakwambia yu hai. Wakisema jingine, bibi, nitakwambia hilo jingine. Sitatia neno."